Mwanafunzi wa Utafiti Anapofika Bandani: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Mashamba ya Farasi

Vyuo vikuu vya Marekani vinapofunga masomo mwezi Mei, wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hawarudi nyumbani. Wanakwenda kufanya utafiti wa majira ya joto chini ya profesa, kwa kawaida kwa wiki kama kumi, wakilipwa posho. Katika eneo la Bluegrass, linalouzunguka mji wa Lexington jimboni Kentucky, mahali pa utafiti huo mara nyingi ni shamba la farasi. Mwanafunzi hufika na daftari, mifuko ya plastiki, kipimajoto na swali alilokabidhiwa chuoni. Huwakuta watu walioanza kazi kabla ya jua kuchomoza, na pengine hakuna aliyewauliza kama wana nafasi ya mgeni.

Mwongozo huu ni wa watu hao: saisi, wasimamizi wa mabanda, madereva wa trekta na wafanyakazi wa zamu ya usiku. Ni wa mwanafunzi pia, kwa kuwa mengi yanayoharibu utafiti wa aina hii ni mambo ambayo pande mbili hazikuambiana mapema. Umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu Lexington ina jamii kubwa ya wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wakitokea mashariki mwa Kongo, na siku hizi anayefagia banda na anayesoma chuoni wanaweza kuwa wanalala nyumba moja. Saisi wa uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, naye atakuta humu mengi anayoyajua.

Yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo moja. Utafiti wa bandani hauwezi kuwa bora kuliko ushahidi wa mtu anayemlisha farasi kila siku. Chuo kina hadubini na hesabu, lakini anayejua kwamba farasi fulani hakumaliza chakula chake jana jioni ni saisi. Asipoulizwa, au akiulizwa na jibu lake lisiandikwe, hesabu zote za chuo zinakaa juu ya mchanga.

Yaliyotokea mwaka 2001

Mwishoni mwa Aprili 2001, farasi majike wa Kentucky walianza kuharibu mimba kwa wingi. Wengine walikuwa na mimba changa, wengine walikuwa wamekaribia kuzaa. Watoto walitoka wafu, au walitoka hai wakiwa dhaifu mno. Baadhi ya farasi walijaa maji kwenye mfuko wa moyo, wengine wakapata ugonjwa wa jicho. Mwaka uliofuata balaa likarudi. Hasara ya miaka hiyo miwili ilikadiriwa kupita dola milioni 300, na kwa eneo linaloishi kwa farasi hicho kilikuwa kilio cha kila nyumba.

Kulikuwa na dhana nyingi. Wataalamu walishuku sumu ya ukungu kwenye nyasi, wakashuku pia sianidi inayopatikana katika majani ya micheri ya mwitu. Pamoja na kazi ya maabara, watafiti walizunguka mashamba wakiwa na madodoso. Waliuliza majike gani walikuwa malisho gani, walitolewa nje muda gani, walikunywa maji ya wapi, na ni nini kilichokuwa kimezidi shambani msimu ule. Yalipolinganishwa mashamba yaliyopata hasara kubwa na yale yaliyopona, kiwavi alijitokeza. Mwaka ule viwavi wanaosuka utando kama hema kwenye micheri walikuwa wengi kupita kiasi. Walishuka mitini, wakatambaa juu ya uzio, wakaingia kwenye nyasi ambazo majike walikuwa wakizila. Majaribio yaliyofuata yalithibitisha kwamba majike wenye mimba wakila viwavi hao huharibu mimba. Baada ya hapo mashamba yalijua la kufanya: kukata micheri iliyo karibu na malisho, na kuwaondoa majike wenye mimba pale viwavi wanapoanza kutembea.

Viwavi wale hawakuwa siri. Kila aliyefungua lango la malisho asubuhi aliwaona. Walipata maana siku walipoulizwa habari zao na jibu likaandikwa karatasini. Saisi anayedhani hana la kumwambia mwanafunzi wa sayansi aikumbuke habari hii.

Kabla mgeni hajafika

Kwanza, meneja wa shamba aombe karatasi mbili na azisome mwenyewe. Ya kwanza ni kibali cha kamati ya chuo inayosimamia matunzo na matumizi ya wanyama katika utafiti. Kamati za namna hii zimo katika sheria ya Marekani tangu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 1966 iliporekebishwa mwaka 1985, na farasi anayetumiwa kwa utafiti anahusika. Kibali kinaeleza kwa undani nini kitafanywa kwa mnyama. Kama kimeandikwa kuokota kinyesi na kupima uzito, basi ni hayo tu; mwanafunzi akitaka damu, hata tone, arudi kwanza kwa kamati. Karatasi ya pili ni ridhaa ya mwenye farasi. Mashamba mengi hutunza farasi wa watu wengine, na ridhaa ya mwenye shamba haitoshi kwa jike ambaye mwenyewe yuko jimbo jingine.

Pili, ateuliwe mtu mmoja bandani wa kushughulika na mwanafunzi. Kumwambia mgeni “muulize yeyote” ni kumwacha bila mtu. Na saa atakazotumia mtu huyo ziondolewe katika kazi zake nyingine. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo linalorukwa kila mara: saisi ana farasi wake wa kuosha, wa kulisha na wa kutoa nje, kisha anaongezewa kumshikia mwanafunzi farasi asubuhi nzima, na toroli la samadi linamsubiri palepale alipoliacha. Mtu wa namna hiyo hatajibu maswali vizuri, na halaumiwi.

Tatu, swali la utafiti liwe dogo. Wiki kumi zinakwisha upesi, na farasi hazai wala hakui kwa haraka ya kalenda ya chuo. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi kumi na moja. Maswali yanayofaa ni yale yenye jibu ndani ya wiki chache: dawa ya minyoo bado inafanya kazi hapa? Farasi wanaotolewa nje usiku wanapoteza uzito au wanaongeza? Makadirio ya uzito kwa macho yanatofautiana kiasi gani na kipimo cha utepe? Profesa akileta swali linalohitaji miaka mitatu, meneja ana haki ya kuuliza ni kipande gani kitakamilika msimu huu.

Jambo moja kwa vijana wetu wanaotafuta nafasi hizi. Programu za utafiti wa majira ya joto zinazogharimiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani huchukua raia na wenye ukaazi wa kudumu. Aliyeingia kama mkimbizi na akapata ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba. Anayesoma kwa viza ya mwanafunzi atafute programu zenye fedha nyingine, na aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake kabla ya kusaini chochote kinacholipa.

Siku ya kwanza

Siku ya kwanza isiwe ya kuchukua sampuli. Mwanafunzi atembee na saisi tangu asubuhi hadi kazi ya mchana ikwishe, aone jinsi farasi wanavyoingizwa na kutolewa, ajue nani anapiga teke na nani anauma. Wakati wa joto mashamba mengi ya Kentucky huwatoa farasi jioni walale malishoni na kuwarudisha bandani asubuhi, kwa sababu mchana kuna jua kali na nzi. Ratiba hiyo ndiyo itakayopanga kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo aijue kwanza.

Salamu nazo ni sehemu ya kazi. Kijana aliyelelewa kwa Kiswahili anajua la kufanya: Mtanzania atatoa shikamoo, Mkongo atamwita mkubwa wake Papa au Mama, na hakuna atakayemwita saisi wa miaka hamsini kwa jina tupu. Mwanafunzi asiye wa lugha yetu afundishwe angalau jina analopenda kuitwa kila mfanyakazi. Nimeona mabanda ambamo mgeni alijua majina ya farasi wote thelathini na hakujua jina la mtu aliyemshikia kamba.

Usalama usemwe kwa maneno machache na urudiwe. Farasi anaona karibu pande zote, ila kuna upofu mdogo mbele ya paji lake na mwingine nyuma ya mkia. Mkaribie kutoka begani upande wa kushoto, huku ukisema naye. Kamba ya kumwongoza isizungushwe mkononi hata mara moja. Farasi akishtuka, kidole kinakwenda nayo. Kamba ikunjwe kwa mikunjo ya kulala na ishikwe katikati. Jike mwenye mtoto mchanga asikaribiwe na mgeni akiwa peke yake, hata kama jike huyo ni mpole siku zote. Viatu viwe vigumu na vifunike mguu. Simu ikae mfukoni.

Mwanafunzi awe amechanjwa pepopunda, kwani vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na jeraha dogo la msumari wa uzio linatosha kuviingiza mwilini. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kinyesi cha farasi anayeharisha kinaweza kuwa na salmonela, na mapunye ya farasi huambukiza mtu. Maji ya kunywa yawepo karibu. Joto la Julai katika Bluegrass lina unyevu mwingi, na kijana anayetaka kuonekana hodari huwa wa mwisho kukiri kwamba kichwa kinamzunguka.

Kuokota kinyesi, kazi yenye elimu ndani yake

Nichukue utafiti mmoja nieleze kwa kina, kwa kuwa ndio unaofaa sana muda wa mwanafunzi na faida yake shamba linaiona kabla hajaondoka. Ni kuhesabu mayai ya minyoo katika kinyesi.

Kwa miaka mingi mashamba yaliwapa farasi wote dawa ya minyoo kila baada ya miezi miwili, awe na minyoo au asiwe nayo. Utaratibu huo ulitokana na minyoo mikubwa ya damu ambayo wakati ule iliua farasi, na ulifanya kazi. Lakini minyoo midogo, ile inayojikunja ndani ya ukuta wa utumbo, ilizidi kuzoea dawa. Leo usugu wake dhidi ya dawa za kundi la fenbendazoli umeenea karibu kila mahali palipopimwa, na minyoo mikubwa ya watoto wa farasi imejenga usugu dhidi ya ivermektini katika nchi nyingi. Dawa mpya ya kuzibadili hizi haijaingia sokoni. Ndiyo maana chama cha madaktari wa farasi cha Marekani kinashauri farasi wazima wapimwe kwanza, kisha watibiwe kwa kadiri wanavyomwaga mayai.

Upimaji huo umeonyesha kwamba mzigo haugawanyiki sawa. Katika kundi la farasi wazima, wachache, kama 15 hadi 30 katika kila 100, ndio wanaotoa takriban asilimia 80 ya mayai yote yanayoangukia malishoni. Hao wakijulikana kwa majina, wengine wanaweza kupewa dawa mara chache zaidi.

Sampuli nzuri huanza na kinyesi ambacho umekiona kikianguka, au ambacho unajua kwa hakika ni cha leo na ni cha farasi huyu. Saisi ndiye mwenye hakika hiyo. Asubuhi farasi anaporudishwa bandani, chumba chake kikiwa kimeshasafishwa, kinyesi cha kwanza ni chake bila shaka yoyote. Mwanafunzi avae mfuko mkononi kama glavu, achukue madonge matatu au manne ya juu yasiyogusa nyasi za kulalia, aupindue mfuko, atoe hewa yote mpaka mfuko ubane kinyesi, kisha aufunge. Hewa ikibaki na joto likiwepo, mayai huanza kuanguliwa, na yai lililoanguliwa halihesabiki. Mfuko uingie kwenye kisanduku chenye barafu mara moja, ila usigandishwe, na ufike maabara siku hiyohiyo. Mfuko uliosahaulika kwenye kiti cha gari saa sita mchana utupwe na uandikwe kwamba umetupwa.

Jina la farasi liandikwe kwenye mfuko kabla ya kuokota. Hapa pana mtego. Kentucky hupenda kuwavisha farasi mkanda wa ngozi kichwani wenye kibao cha shaba kilichochongwa jina, na mgeni hukisoma kibao akaridhika. Mikanda hubadilishwa: mmoja ukikatika, farasi huvishwa wa jirani yake mpaka fundi alete mwingine. Farasi wawili wa rangi ya kahawia wenye singa nyeusi wanafanana machoni mwa mgeni kama mapacha. Kwa hiyo mwanafunzi athibitishe kwa alama nyeupe za usoni na miguuni, au kwa kusoma chipu iliyo shingoni; farasi wa mbio waliozaliwa Marekani tangu mwaka 2017 lazima wawe nayo ili waandikishwe. Na amuulize saisi, ambaye anawajua kwa mwendo wao tu.

Maabarani kazi ni nyepesi kuelewa. Kwa njia ya McMaster, gramu 4 za kinyesi hukorogwa katika mililita 26 za maji yaliyokolezwa chumvi au sukari, mchanganyiko ukachujwa na kujazwa kwenye kioo chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari. Maji hayo ni mazito kuliko mayai, kwa hiyo baada ya dakika chache mayai huelea juu na kuonekana kwa hadubini. Yaliyohesabiwa katika vyumba vyote viwili huzidishwa kwa 25. Mayai 14 kiooni ni mayai 350 kwa kila gramu ya kinyesi. Chini ya 200 huyo ni mmwagaji mdogo, kati ya 200 na 500 ni wa wastani, juu ya 500 ni mkubwa. Ningependa kila saisi aalikwe maabara walau siku moja achungulie mwenyewe. Mtu aliyeyaona mayai kwa jicho lake hasahau kuzoa samadi malishoni.

Lakini idadi ya mayai haisemi idadi ya minyoo. Minyoo iliyojificha katika ukuta wa utumbo haitagi, na farasi mwenye sifuri kwenye karatasi anaweza kuwa nayo kwa maelfu. Hata hivyo kipimo kinajibu vizuri swali moja kubwa: je, dawa inafanya kazi? Hesabu mayai siku ya kutoa dawa, hesabu tena baada ya siku 14, linganisha. Kundi likitoka wastani wa mayai 800 hadi 40, yamepungua kwa asilimia 95. Kwa fenbendazoli matokeo hayo bado yanavumilika kwa mashaka. Kwa ivermektini, ambayo inapaswa kuyafuta karibu yote, ni dalili ya hatari na daktari wa mifugo aambiwe. Hukumu hiyo itolewe kwa kundi zima. Farasi mmoja anaweza kuwa ametema dawa.

Kipimo cha dawa hutegemea uzito, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa, maana dawa pungufu ndiyo shule ya minyoo sugu. Pasipo mizani kubwa, zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, pima pia urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 185 na urefu wa 165 ana kilo 475 hivi.

Wasomaji waliotoka Kongo, au Mahenge kule Tanzania, wanalifahamu jina la ivermektini kwa sababu ndiyo dawa inayogawiwa vijijini kuzuia upofu wa mtoni, na waliochangia kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ya kupaka ulimini mwa farasi imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tano. Binadamu asiile hata kwa kuonja. Iliyomwagika sakafuni ipanguswe, kwani mbwa wa shamba akiilamba inaweza kumuua, hasa wale wa aina ya koli.

Kuandika

Daftari la bandani liandikwe palepale, kwa kalamu isiyofutika. Kosa lipigwe mstari mmoja ili lililokuwapo lisomeke, kisha usahihi uandikwe pembeni pamoja na tarehe. Sampuli iliyokosekana iandikwe kuwa imekosekana na sababu yake. Mwanafunzi anayejaza pengo kwa kukisia ameudanganya umma, hata kama ni farasi mmoja kati ya arobaini, na saisi aliyeombwa akisie ana haki ya kukataa.

Saa ziandikwe kwa tarakimu za saa ishirini na nne. Akiambiwa na mtu wa Kigoma kwamba jike alikataa chakula saa moja asubuhi, mwanafunzi asiyejua ataandika saa saba za usiku, na tofauti ya saa sita kwa farasi mwenye maumivu ya tumbo ni kubwa kuliko maelezo. Kwenye karatasi iwe 07:00.

Iwepo pia safu ya maneno ya saisi, yaliyoandikwa kama alivyoyasema. “Amekunywa nusu ndoo.” “Anasimama akiegemea mguu wa nyuma wa kulia.” “Leo anajitazama ubavu.” Neno hilo la mwisho halingoji utafiti: farasi anayejitazama ubavu, anayepiga teke tumboni mwake au anayelala na kuamka mara kwa mara huenda ana msokoto wa tumbo, na daktari aitwe hapohapo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichokwama ndani hakina njia ya kurudi. Mwanafunzi apime mapigo ya moyo wakati wa kusubiri. Kwa farasi mzima aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, na yakipita 60 hali ni mbaya. Sampuli za siku hiyo zisubiri.

Yasiyofanywa

Farasi wa mbio wa Marekani wako chini ya kanuni za kitaifa za dawa zilizoanza kutumika mwaka 2023, na vipimo vya siku hizi hunasa chembe ndogo mno. Mwanafunzi asimpe farasi kitu chochote, hata tufaha, bila ruhusa. Aliyepaka mafuta ya maumivu mikononi avae glavu. Na mtu yeyote asikojoe ndani ya chumba cha farasi. Hili linaonekana dogo, lakini mtu anayetumia dawa ya hospitali huitoa kwenye mkojo, farasi hula nyasi za kulalia zilizolowa, na wapo makocha waliofungiwa kwa dawa iliyotoka kwa binadamu. Choo kisipokuwepo karibu, hilo ni suala la meneja kulitatua, na lisiwe aibu ya saisi.

Picha zisipelekwe mitandaoni. Majira ya joto ndiyo wakati farasi wa mwaka mmoja wanapoandaliwa kwa mnada wa Septemba wa Keeneland, na picha ya goti lililovimba inaweza kumshusha bei mnyama ambaye goti hilo lingepona baada ya siku mbili.

Matokeo yarudi

Wanafunzi wengi humaliza programu kwa kusimama mbele ya bango chuoni, wakieleza walichokipata kwa watu waliovaa vizuri. Ni siku ya haki yao. Lakini kabla ya bango hilo kutundikwa, shamba lipewe karatasi yake: jina la kila farasi, hesabu yake ya kwanza, ya pili, uzito wake, na sentensi moja ya ushauri iliyopitiwa na daktari wa mifugo. Iandikwe kwa lugha zinazosomwa bandani. Kama watu wa zamu wanasoma Kihispania na Kiswahili, ziwe karatasi mbili, na mwanafunzi mwenye Kiswahili chake asitafute mkalimani.

Majina ya waliosaidia yatajwe kwenye bango, kwa idhini yao, kama yanavyotajwa majina ya maprofesa. Aliyemshika farasi, akamtambua na akasema alichokiona amechangia ushahidi, na ushahidi una mwenyewe.

Meneja asisaini fomu ya kumaliza kazi ya mwanafunzi mpaka karatasi ya shamba iwe imekabidhiwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi, na maswali yao yamejibiwa.